Shangazi, paka wangu wamekigomea choo cha umeme

Shangazi shikamoo,

Naishi hapahapa Dodoma, Ilazo, nimeolewa, nina watoto wawili na paka watatu. Nakuandikia saa sita ya usiku kwa sababu nimetoka kufua shuka mara ya tatu wiki hii, na aliyeichafua si mtoto.

Paka wenyewe ni Mlenda, jike wa miaka sita, ndiye mwenye nyumba. Wa pili ni mwanawe Karanga, dume la miaka mitatu. Wa tatu ni Kashata, katoto ka miezi minne tulikokaokota kwenye jengo linalojengwa mtaani kwetu. Miaka yote wametumia beseni la bluu lililopasuka mdomo, tunatia mchanga wa korongoni unaobakizwa na mafundi. Dada wa kazi anachota uchafu asubuhi, anamwaga shimoni, maisha yanaendelea. Sikuwahi kukuta haja nje ya lile beseni hata siku moja.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kiume, anafanya kazi Dubai, alikuja likizo na zawadi: choo cha paka kinachojisafisha chenyewe. Ni dude jeupe la mviringo, lina tundu mbele, limekaa kama mashine ya kuchanganyia zege iliyovalishwa suti. Paka akiingia na kutoka, linasubiri kidogo, kisha linazunguka, uchafu unaangukia kwenye droo ya chini. Kuna na programu ya simu inayokuambia kaingia nani, saa ngapi, ana kilo ngapi. Nilipoambiwa bei nilitafuta kiti. Mume wangu alisema kuna watu mtaani hawana choo cha thamani hiyo wao wenyewe, na alisema mbele ya mama yake.

Mimi nilifurahi. Siku ileile nilitia mchanga wetu ndani, nikachomeka umeme, beseni la bluu nikampa jirani apandie mchicha. Nikambeba Karanga nikamwingiza mle ndani ili aelewe kuwa choo sasa ni hapa. Sijui niligusa kitufe gani. Dude likanguruma, likaanza kuzunguka. Karanga alichomoka kama mshale, akapanda pazia, pazia likashuka na bomba lake.

Tangu siku hiyo nyumba imeharibika. Mlenda anajisaidia kwenye kapu la nguo zilizofuliwa. Kashata amechagua nyuma ya kochi. Karanga yeye simwelewi, anachuchumaa kila mahali, bafuni, jikoni, juu ya mkeka, anakaa muda mrefu, anatoka bila kitu au na matone mawili matatu, anajilamba, anarudi tena. Nadhani ni kisirani tu cha kuogopeshwa. Umeme nao haunisaidii. Juzi ulikatika jioni, uliporudi saa nane ya usiku lile dude likajizungusha lenyewe gizani, watoto wakaamka wanalia.

Mume wangu ofisi yake iko Mtumba, anatoka alfajiri. Jumatatu alivaa kiatu kumbe kimeloa. Amesema nichague, paka au yeye. Mama mkwe, tuko naye tangu alipokuja kutoka Kongwa, anasema hao paka wametupiwa kitu. Na mwezi ujao mdogo wangu wa kike anakuja kukaa kwetu, ana mimba ya miezi minne, na nilishamwahidi kwamba kwa choo hiki hatakuwa na wasiwasi wa ule ugonjwa wa paka.

Shangazi, nifanyeje wakizoee? Au nikiuze? Namba yangu nimeandika chini.

Mwenye paka watatu, Ilazo


Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Mbukwa, kwa salamu ya Kigogo.

Wasomaji wengine mjue kwamba barua hii sikuingoja siku ya safu. Nilipofika kwenye ule mstari wa Karanga kuchuchumaa na kutoa matone mawili matatu, niliweka kikombe cha chai chini nikapiga ile namba. Mwenzenu aliliandika jambo lile katikati ya mapazia na makochi, kama mtu anayetupa neno akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Nikamuuliza ameanza lini. Akasema tangu jana asubuhi. Nikamwambia mtie kwenye kapu lenye mfuniko umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, mambo ya choo tutaongea ukirudi.

Paka dume ana njia nyembamba mno ya mkojo. Ikizibwa na ute au vijiwe vidogo kama chumvi, mkojo hauna pa kwenda, unarudi mpaka kwenye figo, taka zinabaki kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Hilo halichukui wiki, ni siku moja, mbili, zikizidi sana tatu. Dume anayekwenda chooni mara kwa mara bila kutoa kitu, analia akichuchumaa, anajilamba huko chini bila kupumzika, huyo ni mgonjwa wa leo, hata kama ni Jumapili.

Bahati yake Karanga, daktari alimpapasa tumbo akakuta kibofu kidogo na laini. Hakijaziba, kimewaka tu. Paka akipata hofu kubwa au maisha yake yakibadilishwa ghafla, kibofu kinaweza kuvimba bila hata mdudu mmoja, na mkojo ukamuuma. Amepewa dawa ya maumivu, na mama ameambiwa ampe chakula chenye mchuzi mwingi ili anywe maji bila kujua. Dawa ya maumivu, narudia, ni ile ya daktari. Panadol ya kwenye droo yako, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua paka.

Kwa hiyo neno kisirani tulifute. Paka hakojolei kiatu ili akukomeshe. Karanga alikuwa anaumwa, na kila akichuchumaa palipomuuma jana, anadhani pale mahali ndipo panapouma, anahama. Ndiyo maana bafuni, jikoni, mkekani, kiatuni.

Sasa tuje kwenye dude lenyewe.

Kosa lako kubwa, mwanangu, si kuliwasha. Ni lile beseni. Ulimnyang'anya paka choo anachokijua siku ileile uliyomwonyesha choo kinachonguruma. Wewe ungehamia nyumba mpya, ufunguliwe mlango wa choo, ukikaa tu sakafu inaanza kuzunguka, na cha zamani kimeshapandwa mchicha! Kapu la nguo safi lingekutamanisha hata wewe.

Mashine haimfundishi paka chochote. Paka akishaiamini ikiwa imezimwa, ndipo ataivumilia ikiwashwa. Kwa hiyo waya uchomoe, uukunje, uufunge na mpira wa nywele, uweke kabatini ambako hakuna mtoto atakayeufikia. Kwa wiki tatu za mwanzo, pengine zaidi kwa Karanga, hilo ni pipa tu lenye tundu.

Halafu kuna suala la mchanga, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wengi wa huku wanapopotea.

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori, mnyama wa nchi kame kama hii yetu, na tabia ya kufukia kwenye mchanga alikuja nayo kutoka huko. Watu wa nchi za baridi walipoanza kumweka ndani walimtilia mchanga na majivu kwenye sanduku. Mwaka 1947, huko Michigan, Marekani, jirani mmoja alikwenda kwa bwana anaitwa Ed Lowe kuomba mchanga wa paka, maana wake ulikuwa umeganda kwa baridi. Lowe akampa chembe za udongo mkavu ambazo viwanda vilikuwa vikinunua kwa kufyonza mafuta yaliyomwagika. Jirani akarudi kuomba tena. Biashara yote ya mchanga wa paka wa dukani ilianzia kwenye ombi lile. Sasa sisi Dodoma mchanga wetu haugandi kwa baridi, lakini haugandi kwa mkojo pia, na hapo ndipo mashine yako inapokwama.

Ndani ya lile pipa kuna chekeche. Linapozunguka, mchanga safi unapita kwenye matundu na kurudi chini, uchafu unabaki juu na kuangukia droo. Hiyo kazi inawezekana tu kama mkojo umegeuka bonge. Udongo unaofanya hivyo unaitwa bentonaiti, umetokana na majivu ya volkano, ukiloa unavimba na kushikana mpaka unaweza kuuokota kama kitumbua. Mchanga wa korongoni mkojo unaupita moja kwa moja, unatuama chini, unakuwa tope linalonata kwenye kuta za pipa, na baada ya siku tatu chumba kizima kinanuka choo cha stendi. Tena ni mzito kuliko mota ilivyokusudiwa. Kwa hiyo mwaga wote, futa pipa, likauke.

Mchanga wa kuganda madukani hapa mjini unapatikana kwa msimu. Mimi huagiza Dar es Salaam, mfuko unashushwa stendi ya Nzuguni, napeleka bodaboda. Hesabu gharama hiyo kabla hujaamua chochote, maana zawadi ya mdogo wako imekuja na mdomo wa kulishwa kila mwezi. Chagua usio na manukato. Harufu ya waridi ni kwa ajili ya pua yako, paka inamkera. Na ukishatumika usiumwage kwenye choo cha kuvuta, utavimba ndani ya bomba na fundi atakutoza asichokutoza siku nyingine.

Usiwabadilishie mchanga na nyumba kwa mpigo. Tafuta mabeseni matatu. Anza na mchanga wao wa zamani, changanya robo ya huo wa dukani. Baada ya siku tatu nne weka nusu kwa nusu. Wakiendelea kutumia bila kuparua pembeni au kusimama na miguu ukingoni, ongeza. Mpaka beseni zima limekuwa la udongo mpya, hujagusa mashine bado, na hakuna aliyeogopa kitu.

Hapo ndipo unatia udongo kwenye pipa, mpaka kwenye ule mstari uliochorwa ndani, usiuzidishe. Chukua kijiko cha kuchotea, toa bonge moja la mkojo na kipande cha kinyesi kwenye beseni, kiweke mle kwenye pipa, uondoke. Najua inachukiza. Kwa paka hicho ni kibao cha mlangoni kilichoandikwa Choo. Usimbebe mtu kumwingiza, hata Kashata. Aliyeingizwa kwa nguvu hukumbuka mikono iliyomwingiza.

Kwa Karanga mpe mama mkwe kazi. Nasema kweli. Kila jioni akae na dagaa wakavu kiganjani, mita mbili kutoka kwenye pipa, ampe mmoja mmoja. Kesho asogee hatua moja. Akiona masikio yamelala nyuma, arudi alipokuwa jana. Dagaa asiwekwe ndani ya pipa, paka hali anapojisaidia. Mkwe wako anasema paka wametupiwa kitu. Wiki mbili za kulisha dagaa na huyo Karanga ataanza kulala miguuni kwake, nakuapia, na habari ya kutupiwa hutaisikia tena.

Wakishaanza kuingia pipani kwa hiari, safisha pipa kwa mkono mara mbili kwa siku (ndiyo, kwa mkono, mashine ya bei ile), na mabeseni mara moja tu. Paka mwenyewe atachagua palipo safi zaidi. Ila usiyaache mabeseni yaoze ukidhani unawalazimisha, watarudi kwenye kapu la nguo.

Mwendo ndio wa mwisho. Wiki nzima ikipita wote wanaingia, au angalau wawili, siku moja wakiwa wanakula chumba cha mbali, chomeka, bonyeza kitufe izunguke mara moja, kisha chomoa. Wataacha kula, watainua vichwa, watarudi kwenye sahani. Wewe unasikia mngurumo mdogo, wao wanasikia na mlio mwembamba wa mota ambao sikio la mtu halifiki. Kwa kilohezi, kipimo cha wembamba wa sauti, binadamu mwisho wake ni kama 20, paka anapita 60. Fanya hivyo kila mlo kwa siku kadhaa, halafu mlango ukiwa wazi, halafu wakiwa karibu. Mlenda kwa umri wake pengine atakuja kukaa mbele na kuangalia linavyozunguka, kama watoto wanavyoangalia zege. Akifika hapo umeshinda kwake.

Ukiliacha sasa lifanye kazi lenyewe, ingia kwenye mipangilio, weka muda mrefu kabisa wa kusubiri. Zipo zinazosubiri dakika 3, zipo 7, zipo 15 au 20. Chagua ule mrefu. Paka wengine hutoka, wakageuka, wakarudi kufukia tena.

Na umeme. Mashine nyingi za namna hii umeme ukirudi hujizungusha kwanza kujipanga, ndicho kilichowaamsha watoto saa nane. Paka aliyekuwa amelala jirani na lile tundu hatasahau. Mpaka watakapozoea kabisa, ukikatika umeme nenda chomoa, na ukirudi chomeka wewe mwenyewe mchana. Halafu angalia ile adapta imeandikwa nini. Ikiwa volti 100 hadi 240 uko salama. Ikiwa 120 peke yake imetengenezwa kwa soketi za Marekani, za kwetu zina 230, itaungua.

Iweke juu ya sakafu tupu, siyo mkeka wala zulia, maana zile zinazopima uzito husoma vibaya zikikaa palipo laini. Na hivi sasa upepo wa Agosti unavyotuletea vumbi mpaka kwenye sahani, futa zile sensa kwa kitambaa kikavu kila baada ya siku mbili. (Sensa ya mashine, siyo ile ya 2022 ya kuhesabu watu, ingawa na hii nayo inahesabu nani yumo ndani.)

Kashata sasa. Huyu ndiye ananinyima usingizi kuliko Karanga. Sensa za uzito nyingi zinataka paka awe na kilo moja na nusu au zaidi ndipo zimtambue, nyingine zaidi ya kilo mbili. Mtoto wa miezi minne yuko palepale mpakani. Paka wamewahi kubanwa na kufa kwenye mashine hizi, hasa za bei rahisi zenye mdomo unaojifunga. Kwa hiyo kabla hata ya hayo yote, ipime. Tia mfuko wa mchele wa kilo moja na nusu ndani, bonyeza kitufe. Ikizunguka na mchele wako ndani, haimwoni Kashata. Utoe mchele, iache izunguke, katikati ya mzunguko pitisha mpini wa fagio uliozungushiwa kanga kwenye tundu. Inatakiwa isimame papo hapo. Isiposimama, mdogo wako wa Dubai airudishe alikoinunua, na barua yako nimeshaijibu. Ikifaulu, bado usiiache ijiendeshe yenyewe mpaka Kashata afikishe miezi sita na uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine. Mpaka hapo unabonyeza wewe ukimwona Kashata kwa macho yako.

Mabeseni usiyatupe hata wakizoea. Paka watatu wanataka vyoo vinne, wafugaji huhesabu idadi ya paka na kuongeza kimoja, na mashine hata iwe ya dhahabu ni choo kimoja chenye mlango mmoja. Mlenda akiamua kulala mbele ya tundu, Kashata hapiti. Mtoto wa kaka yangu pale Kisasa ana mashine kama yako. Paka mmoja aliikubali wiki ya saba. Mwingine mpaka leo anatumia beseni lililo pembeni yake, mashine inamtazama tu, na hakuna anayemlaumu.

Palipochafuka paoshwe vizuri, la sivyo watarudi kwa kufuata harufu. Sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, halafu siki iliyochanganywa na maji, halafu jua, na jua tunalo la kugawa. Usimwage dawa yenye amonia, inanuka kama mkojo, utakuwa umewaandikia Choo mara ya pili. Usimwage bleach juu ya mkojo ambao haujaoshwa, mvuke wake unachoma mapafu. Na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiguswa na maji, kaa nazo mbali kabisa na paka. Ini lake haliwezi kuziyeyusha, na yeye hukanyaga kisha akalamba miguu. Nyuma ya kochi pakikauka weka bakuli la chakula la Kashata palepale. Kapu la nguo linyanyue juu ya kabati.

Mdogo wako mjamzito. Hapa ulimwahidi kitu ambacho mashine haikitoi. Kile kimelea cha toksoplasma, ndicho kinacholeta huo ugonjwa wa paka unaoweza kumdhuru mtoto tumboni, kikitoka na kinyesi cha paka hakiambukizi saa hiyohiyo, huchukua siku moja hadi tano kukomaa. Ndiyo maana beseni linalochotwa kila siku ni salama kuliko watu wanavyodhani. Mashine inakihamishia kinyesi kwenye droo, na droo inakaa siku nne, tano, wiki, ikikomaza. Kwa hiyo droo imwagwe kila siku, siyo mpaka taa iwake, na asiimwage yeye. Dada wa kazi avae glavu, anawe, mfuko ufungwe. Na nyumbani kwenu nyama iive mpaka ndani, mboga za majani zioshwe kwa maji mengi, maana watu wengi huupata kwa mdomo kwenye sahani bila hata kumgusa paka. Akifika mwambie amwone mkunga wake, amweleze kuwa nyumba ina paka. Hakuna haja ya kuwahamisha.

Uliniambia kwenye simu kwamba Karanga hajahasiwa. Akishapona ongea na daktari, na Mlenda naye afungwe kizazi, maana ni mama na mwana ila wao hawana habari hiyo. Dume asiyehasiwa husimama, mkia juu unatetemeka, akapiga mkojo ukutani. Ile ni alama ya mpaka, hata umletee choo cha marumaru ataendelea.

Mumeo hajakwambia uchague, amekwambia kiatu kimeloa. Viatu vyake viingie kabatini usiku, na Jumatatu ijayo umpigie pasi suruali kabla hajaomba. Mengine atayasahau akiona mama yake anagawa dagaa.

Beseni la bluu, kama mchicha wa jirani umeshachipua, usimng'olee. Nenda soko la Majengo ununue matatu mapana, kingo fupi ili Kashata aingie bila kuruka, uyaoshe kwa maji matupu. Chota mchanga kidogo palepale shimoni dada alipokuwa anamwaga, utie juu. Uanze leo hii, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Na Karanga akichuchumaa tena bila kutoa kitu, usiniandikie mimi. Namba ya daktari ibandike mlangoni pa friji.